Mwezi ukiwa mkubwa, marejesho hayalali

Mama mdogo wangu anauza dagaa Mwanza. Ananunua mwaloni Kirumba, anachambua, anaanika upya, kisha anapima na kuuza. Biashara hiyo ina kalenda ambayo hakuna aliyeitunga. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola, na taa huwavuta dagaa pale tu usiku unapokuwa wa giza. Mbalamwezi ikitanda, mwanga wa taa humezwa na mwanga wa angani, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika. Kila mwezi kuna kama wiki moja, wakati mwingine siku kumi, ambapo mitumbwi imelala nchi kavu na sokoni hakuna kipya cha kununua.

Miaka michache iliyopita alichukua shilingi 200,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, mmoja wa wale ambao watu wameshawapa jina: kausha damu. Sharti lilikuwa shilingi 8,000 kila siku kwa siku 30. Siku za giza alilipa bila kutetereka. Mwezi ulipokuwa mkubwa akamwendea afisa mikopo, kijana wa umri wa wanawe, akamwambia: "Mwanangu, wiki hii dagaa hawapo. Niache zipite siku nane, giza likirudi nitakulipa zote." Kijana hakuwa mkatili. Alimjibu kwa upole kabisa: "Mama, mfumo hautambui mwezi."

Akakopa kwa mkopeshaji wa pili amlipe wa kwanza. Mbalamwezi iliyofuata akakopa kwa wa tatu. Ilipofika ya nne, friji ikabebwa.

Nimekuwa nikilirudia jibu la yule kijana kila ninaposoma tafiti kuhusu mikopo ya matumizi na hali ya kaya, kwa sababu naona limebeba jambo ambalo mijadala yetu inaliruka. Tukizungumzia mikopo inayoumiza tunazungumzia riba, na tukimaliza riba tunazungumzia elimu: wananchi hawasomi mikataba, wananchi wanakopa kwa ajili ya sherehe. Riba ni kubwa, sibishi. Ila kinachoanza kumng'ata mkopaji, kabla ya riba, ni muda. Mkopo unadai kurudishwa kwa kalenda ya mwenye fedha, ilhali kipato kinakuja kwa kalenda nyingine kabisa: ya ziwa, ya mvua, ya mshahara, ya msimu wa watalii. Pale kalenda hizo mbili zinapoachana ndipo friji inapobebwa.

Muda huo huo pia huficha bei. Muulize aliyekopa laki mbili akarudisha 240,000, atakwambia riba ni asilimia 20 kwa mwezi. Ingekuwa hivyo kama angekaa na laki mbili zote mwezi mzima, kisha azirudishe kwa mkupuo. Lakini anaanza kurudisha kesho yake. Ikifika siku ya 15, nusu ya fedha imeshaondoka mkononi. Kwa wastani wa mwezi mzima ameshikilia kama laki moja tu, na kwa laki hiyo moja amelipa elfu arobaini. Bei halisi inakaribia asilimia 40 kwa mwezi, katika nchi ambayo Benki Kuu imemwekea mkopeshaji wa daraja la pili, yule asiyepokea amana, ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi.

Hapo ndipo ule msemo wa wazee, dawa ya deni ni kulipa, unapohitaji swali la pili. Kulipa lini?

Tuwe waadilifu kwanza kwa upande wa mikopo, maana kuna ushahidi mzuri kwamba inasaidia, na sipendi makala zinazouficha. Mwaka 2012 Safaricom na benki ya CBA walianzisha M-Shwari nchini Kenya: mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5, unaoombwa na kupatikana kwa simu. Wachumi Tavneet Suri, Prashant Bharadwaj na William Jack waliuchunguza kwa njia ya busara. Mfumo hutoa alama kwa kila mwombaji, na kuna alama ya mpaka: ukiifikia unakopeshwa, ukiikosa kidogo hukopeshwi. Watu walioko juu kidogo ya mpaka na walioko chini yake kidogo hawatofautiani kwa lolote la maana, isipokuwa kwamba mmoja alipata mkopo na mwingine akaukosa. Ukiwalinganisha, unaona kazi ya mkopo wenyewe. Walichokuta ni kwamba kaya zilizofuzu, zilipopatwa na pigo kama ugonjwa au kupotea kwa kazi, hazikulazimika sana kuacha matumizi muhimu. Uwezekano wa kuyaacha ulipungua kwa pointi 6.3 za asilimia. Hilo si dogo. Ni dawa iliyonunuliwa, ni mtoto aliyebaki darasani.

Nigeria, jaribio la kuwagawa waombaji kwa bahati nasibu lilionesha kwamba waliokubaliwa mkopo wa simu walijisikia vizuri zaidi kuhusu maisha yao baada ya kama miezi mitatu. Kipato chao, hata hivyo, hakikuonesha badiliko kubwa, si la kupanda wala la kushuka. Na Afrika Kusini, Dean Karlan na Jonathan Zinman waliwafuatilia watu ambao maombi yao yalikuwa yamekataliwa, kisha baadhi wakakubaliwa kwa kura. Riba ilikuwa kama asilimia 200 kwa mwaka, kiwango cha kumfanya mtu yeyote mwenye huruma apige kelele. Miezi sita hadi kumi na miwili baadaye, waliokopeshwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki kazini na njaa ilikuwa imepungua nyumbani, ingawa msongo wa mawazo ulikuwa juu.

Utafiti huo wa Afrika Kusini hunukuliwa sana na wanaotetea riba kubwa. Mimi nauona kwa jicho jingine. Wakopaji walikuwa wafanyakazi wenye ajira, na mkopo wa kawaida pale ulikuwa wa miezi minne. Mtu analipwa kwa mwezi, na ana miezi minne ya kupumua. Kalenda ya deni ilikaa karibu na kalenda ya mshahara. Chukua riba ileile, uipeleke kwa muuza dagaa, udai kila siku saa kumi jioni: sidhani kama tungepata jibu lile.

Sasa tuitazame picha ya nchi nzima. Kenya ina utafiti wa kaya uitwao FinAccess, unaofanywa na Benki Kuu, Shirika la Takwimu na FSD Kenya, taasisi ya kukuza huduma za fedha. Mwaka 2006 ni asilimia 26.7 tu ya watu wazima waliokuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Kufikia 2024 walikuwa asilimia 84.8. Ni safari ambayo nchi chache duniani zimeiweza kwa miaka 18. Lakini utafiti huohuo hupima pia afya ya kifedha: je, unamudu matumizi ya kila siku, unaweza kuhimili pigo, unaweka chochote kwa ajili ya kesho? Mwaka 2016 waliohesabiwa kuwa na afya hiyo walikuwa asilimia 39.4. Mwaka 2019 wakawa 21.7. Mwaka 2021 wakawa 17.1, na mwaka 2024 wakapanda kidogo tu hadi 18.3.

Mistari miwili inayoachana haithibitishi kwamba mmoja umeusababisha mwingine. Katika miaka hiyo kulikuwa na ukame, korona na bei za vyakula zilizopanda. Hata hivyo anguko kubwa zaidi lilitokea kati ya 2016 na 2019, kabla korona haijasikika. Kwa uchache, takwimu hizo zinatunyima haki ya kuendelea kuhesabu idadi ya waliofikiwa kana kwamba ndiyo ustawi wenyewe. Tanzania nasi tunajivunia asilimia 76 ya watu wazima wanaotumia huduma rasmi, kwa mujibu wa FinScope ya 2023, utafiti wetu wa aina hiyohiyo. Ni namba ya mlango. Haisemi nani ametoka mlangoni akiwa na nini.

CGAP, taasisi inayochunguza huduma za fedha kwa watu wa kipato cha chini, ilichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwahoji wakopaji wa simu wa Kenya na Tanzania. Zaidi ya theluthi walikopa kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani. Karibu nusu ya Wakenya na zaidi ya nusu ya Watanzania walikuwa wamewahi kuchelewa kurejesha. Nchini Kenya, mkopaji mmoja kati ya watano alikuwa amepunguza kununua chakula ili alipe. Weka matokeo hayo kando ya yale ya M-Shwari, nawe utaona hayapingani. Mkopo huziba pigo la leo, kisha wiki nne baadaye unakuja wenyewe kama pigo. Mgonjwa bado hajarudi kazini, mahindi bado yako shambani, na ujumbe unaingia kwenye simu.

Kuna utafiti mmoja unaonisumbua kuliko yote. Katika soko la Koyambedu huko Chennai, India, wachuuzi wa matunda na mboga hukopa alfajiri, hununua bidhaa, huuza, na jioni hulipa na riba inayokaribia asilimia 5 kwa siku. Kesho alfajiri wanaanza tena, mwaka baada ya mwaka. Karlan, Sendhil Mullainathan na Benjamin Roth walifanya jambo ambalo kila mwenye moyo angetamani kulifanya: waliwalipia wachuuzi madeni yote, na baadhi wakapewa mafunzo mafupi. Walifanya hivyo pia Ufilipino. Ndani ya majuma sita wengi walikuwa wamerudi kwenye deni.

Usomaji wa haraka ni kwamba watu hawa hawafundishiki. Naukataa. Mtu anayeweza kuendesha biashara akiwa anakatwa asilimia 5 kila siku ana nidhamu ya hesabu kuliko wengi wetu. Hapa nasema langu, si la watafiti: kufuta deni hakukubadilisha kalenda. Siku mvua inaponyesha na wateja wasije, siku mtoto anapougua, mtaji wa kesho unaliwa leo, na fedha pekee inayopatikana kabla ya jua kuchomoza ni ileile ya asilimia 5. Umemtoa mtu shimoni ukamwacha ukingoni, kwenye udongo uleule unaomomonyoka.

Ndiyo maana tafiti ninazozithamini zaidi ni zile ambazo hazikugusa riba wala tabia ya mkopaji. Ziligusa tarehe.

Magharibi mwa Kenya wakulima huuza mahindi mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, kwa sababu ada ya shule na madeni havisubiri. Miezi michache baadaye bei imepanda, mara nyingi kwa asilimia 25 hadi 40, na mkulima yuleyule anarudi sokoni kununua chakula. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel waliwapa baadhi ya wakulima mkopo wakati wa mavuno, wakati ambao mtu angedhani hauhitajiki kwa kuwa ghala limejaa. Wakulima walilipia shida za haraka kwa mkopo, wakaacha mahindi ghalani, wakauza bei ilipopanda. Faida ya mkopo huo ilifika asilimia 29. Hakuna aliyefundishwa kilimo bora, wala hakuna mbegu mpya iliyoletwa. Fedha ilifika siku yake, ikadaiwa siku yake.

Zambia, Günther Fink, Kelsey Jack na Felix Masiye walienda kwenye msimu wa njaa, miezi ambayo familia za wakulima huacha mashamba yao na kwenda kupalilia ya wengine ili wapate unga wa wiki hiyo. Kaya zilikopeshwa fedha au magunia ya mahindi katikati ya msimu huo, zilipe baada ya mavuno. Watu wakabaki kwenye mashamba yao, ujira wa vibarua kijijini ukapanda, mavuno yakaongezeka. Mtu yeyote aliyekulia kijijini anaijua hiyo miezi. Bibi yangu aliita kipindi hicho wakati wa kuhesabu vibaba.

Na Kolkata, India, watafiti wanne wakiongozwa na Erica Field walibadilisha jambo moja tu kwenye mikopo ya vikundi vya wanawake: badala ya kuanza kurejesha baada ya wiki mbili, baadhi walianza baada ya miezi miwili. Miaka mitatu baadaye biashara za waliosubiriwa zilikuwa na faida kubwa zaidi kwa kiasi kikubwa, kwa sababu waliweza kununua vitu vinavyochelewa kulipa, kama cherehani, badala ya bidhaa za kuuzika haraka ili marejesho ya wiki yapatikane. Lakini, na hili lazima lisemwe, walioshindwa kulipa nao waliongezeka. Wakopeshaji wakisema kwamba muda mrefu una hatari, hawasingizii. Marejesho ya kila siku yapo kwa sababu yanamlinda mkopeshaji: anagundua mapema nani anayumba. Tatizo ni kwamba ulinzi huo mzima unalipiwa na upande mmoja.

Muda una sura nyingine pia, ya mwanzoni mwa mkopo. Tumefundishwa kusifia kasi: mkopo ndani ya dakika, bila dhamana, bila karatasi. Nchini Mexico, Alfredo Burlando, Michael Kuhn na Silvia Prina walichunguza mikopo ya mtandaoni na kukuta kwamba kuongeza muda wa kusubiri fedha kutoka saa kumi hadi saa ishirini kulipunguza uwezekano wa kushindwa kulipa kwa asilimia 21. Saa kumi tu! Usiku mmoja wa kulala. Kwa mama ambaye mtoto anaungua homa, saa kumi ni nyingi mno, nami nisingependa sheria ya kumzuia. Ila mikopo mingi si ya homa.

Sasa angalia serikali zetu zinavyopambana. Kenya iliweka ukomo wa riba za benki mwaka 2016, ikauondoa mwaka 2019 baada ya benki kuwakwepa wakopaji wadogo. Mwaka 2022 ikaanza kuwapa leseni wakopeshaji wa mtandaoni, hatua njema iliyochelewa. Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali, baada ya watu kudhalilishwa kwa ndugu na wafanyakazi wenzao kupitia namba zilizochotwa kwenye simu zao. Nazipongeza hatua hizo kwa moyo wote. Aliyedhalilishwa mbele ya mkwe wake kwa deni la elfu thelathini anajua thamani yake. Lakini hakuna hata moja inayogusa tarehe.

Mfano unaonisikitisha zaidi ni Hazina ya Hustler, mikopo ya simu ya serikali iliyozinduliwa Kenya tarehe 30 Novemba 2022. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka. Bei hiyo ni ndoto. Hakuna mkopeshaji wa simu anayeikaribia. Kisha mkopo wa kwanza, ule wa mtu binafsi, ukapewa siku 14. Serikali ilishinda vita ya riba ikamkabidhi mama mboga siku 14. Ni mtaji gani unaozaa kwa siku 14, zaidi ya ule unaouzwa leo na kuliwa kesho? Linganisha na jambo dogo lililofanywa na Fuliza, huduma ya Safaricom ya kukopa pale salio la M-Pesa lisipotosha, miezi miwili kabla ya hapo, Oktoba 2022: ada zilipopunguzwa, waliokopa hadi shilingi 1,000 za Kenya walipewa pia siku tatu za kwanza bila ada ya siku. Siku tatu si kitu kwa mchumi wa ofisini. Kwa anayelipwa kibarua Jumamosi, akakopa Alhamisi, ni tofauti kati ya kulipa na kukatwa.

Ningependa Benki Kuu ya Tanzania imtake kila mkopeshaji aliyesajiliwa aseme wazi, kwa shilingi, mkopaji anakaa na fedha kiasi gani kwa siku ngapi, ili wa kila siku na wa kila mwezi walinganishwe kwa kipimo kimoja. Ningependa pia mkopo unaoitwa wa kilimo usiruhusiwe kudai kabla ya mavuno. Kuuita wa kilimo huku ukidai kila wiki ni kumdanganya mkulima. Na mkopeshaji anayeona miamala ya simu ya mtu kwa miaka mitatu anajua vema siku zipi fedha huingia na siku zipi hukauka. Anazitumia taarifa hizo kuamua amkopeshe nani. Teknolojia ya kuzitumia kupanga siku za marejesho ni ileile. Mfumo hautambui mwezi kwa sababu hakuna aliyeuambia.

Mama mdogo alikaa karibu miaka miwili bila kukopa popote. Sasa yumo kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake 24, wengi wao wa dagaa, wachache wa mboga na mmoja fundi cherehani. Riba ya kikundi si ndogo, na faida wanagawana wenyewe Desemba. Nilipomtembelea alinionesha daftari lao la katiba, limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Kifungu cha marejesho kinasema yatakusanywa mara moja kwa mwezi, siku ya tano baada ya wavuvi kurudi ziwani.